SOMO DOGO LENYE KAZI KUBWA: UHANDISI WA MAZINGIRA

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeitia katika insha tangu shule ya msingi, lakini mimi nilikuja kuielewa nyumbani kwetu mwaka jana, nikiwa nimebeba karai la sukuma wiki.

Baba yangu ni fundi wa magari. Gereji yake iko kando ya mtaro, na chini ya mtaro huo mama ana shamba dogo la mboga ambalo hunyweshwa kwa maji yayo hayo. Gereji hulipa kodi ya nyumba, na mboga hunilipia karo. Basi siku moja mteja alirudisha fungu lake akasema, "Mama, sukuma yako mbona inanuka gereji?" Watu walicheka. Mama hakucheka. Tulipoufuata mtaro kwenda juu, tuliona oili chafu ikielea juu ya maji, inang'aa rangi kama upinde wa mvua. Jioni hiyo tulikula bila mazungumzo. Nani angemwambia baba afunge gereji? Na nani angemwambia mama aache kulima?

Haikupita muda tukaambiwa shuleni tufikirie kozi tunazotaka kusomea chuo kikuu. Baba alitaka nisomee uhandisi wa mitambo. "Mwanangu," aliniambia, "gari likiharibika mtu atakutafuta usiku wa manane. Taka nani atakulipa uzitazame?" Mimi nilitaka mazingira. Nilimwendea mwalimu wetu wa ushauri, naye akaniuliza swali moja tu: "Ni nani aliyekwambia lazima uache moja?" Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za somo kuu na somo dogo, na ndiyo niliyokusudia kukueleza leo.

SOMO KUU NA SOMO DOGO

Katika vyuo vingi vya Marekani, mwanafunzi wa shahada ya kwanza huwa na somo kuu, yaani lile litakaloandikwa kwenye shahada yake. Pembeni yake anaweza kuchukua somo dogo, ambalo aghalabu huwa ni kozi tano au sita za fani nyingine. Mfano mzuri ni wa kwetu. Hayati Profesa Wangari Maathai aliposoma katika chuo cha Mount St. Scholastica, jimbo la Kansas, alihitimu mwaka 1964 akiwa na biolojia kama somo kuu, na kemia na Kijerumani kama masomo madogo. Mwaka 1977 alianzisha Harakati za Ukanda wa Kijani, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Uhandisi wa mazingira nao hufundishwa hivyo katika baadhi ya vyuo hivyo. Mwanafunzi wa umeme, wa ujenzi, wa mitambo au wa kemia huongeza kozi chache juu ya usafishaji wa maji, maji taka, taka ngumu, hewa chafu, na sheria za mazingira. Hawi mtaalamu kamili wa mazingira, la hasha! Lakini akitengeneza kitu, anajua kuuliza uchafu wake utaenda wapi.

MWANAMKE ALIYEPIMA CHUMVI

Ellen Swallow Richards alikuwa mwanakemia wa Marekani, na mwanamke wa kwanza kusoma katika chuo cha MIT, ambako alihitimu mwaka 1873. Kuanzia mwaka 1887 alishughulikia uchunguzi mkubwa wa maji ya jimbo la Massachusetts, ambapo maelfu ya sampuli zilipimwa.

Sasa tazama akili yake. Upepo na mvua huchukua chumvi kidogo kutoka baharini na kuipeleka bara. Kadiri uendavyo mbali na pwani, ndivyo chumvi hiyo inavyopungua katika mito na visima. Bi. Richards alichora ramani ya kiasi cha chumvi ambacho kila mahali pangestahili kuwa nacho. Palipozidi kiasi hicho, alijua kuna maji taka ya binadamu yanayoingia, kwa sababu mkojo na maji ya jikoni yana chumvi. Kemia ile ile ya maabara, ilipoungana na swali la mazingira, iliwaonyesha watu visima vyenye hatari kabla hawajaugua.

MTEGO WA MAFUTA

Turudi kwenye mtaro wetu. Katika kusoma kwangu nilikutana na kifaa kiitwacho mtego wa mafuta, na nilishangaa kuona kwamba kinategemea fizikia ya kidato cha kwanza. Sentimita moja ya ujazo ya maji ina gramu 1. Oili ya injini ya ujazo huo ina takriban gramu 0.9. Kwa hiyo oili huelea. Mtego hufanya kazi hivi:

1. Maji machafu huingia katika chumba cha kwanza na kupunguza mwendo. Mchanga na matope huzama chini.

2. Maji hupita chumba cha pili na kutulia. Oili hupanda juu. Bomba la kutokea limepinda, na mdomo wake uko chini karibu na sakafu, hivyo maji ya chini ndiyo yapitayo na oili hubaki nyuma.

3. Chumba cha tatu hurudia kazi hiyo ili kunasa oili iliyoponyoka.

Siri ya mtego ni subira. Maji yakipita mbio, oili haipati muda wa kupanda. Tena sabuni nyingi huharibu kazi, kwa sababu huivunja oili kuwa matone madogo sana yanayosafiri pamoja na maji.

Nilichora mtego huu kwenye daftari nikampelekea baba. Aliutazama kwa muda mrefu, maana fundi hupenda mchoro. Kisha akauliza, "Sawa, hii oili ikishajaa humu ndani, niipeleke wapi?"

Msomaji, nilikosa jibu.

UENDELEVU NI NINI BASI?

Swali la baba ndilo lililonifundisha maana ya uendelevu. Mtego haumalizi taka. Unaihamisha tu kutoka kwenye mtaro hadi kwenye shimo. Tukiichota tukaimwaga nyuma ya nyumba, tumemwonea mtu mwingine. Uhandisi hutwambia namna ya kuinasa oili. Uendelevu hutuuliza itakwenda wapi, itagharimu nani, na kama watoto wetu watakuta udongo ambao bado unaotesha mboga.

Ripoti ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norwei, iliyotolewa mwaka 1987, ililieleza jambo hilo kwa ulimwengu mzima: tukidhi haja zetu bila kuwanyima wajao uwezo wa kukidhi zao. Kwa gereji, jibu lake ni kuanzia mwanzo: oili ikusanywe kwenye pipa inapotolewa kwenye injini, isiguse ardhi kabisa, kisha pipa lichukuliwe na watu wenye kibali cha kuisafisha itumike tena. Mtego ubaki kwa yale matone yanayotoroka. Hapo ndipo ufa umezibwa kabla ya ukuta kuanguka.

HAPA KWETU KENYA

Utasema, "Hayo ni ya Marekani." Ni kweli kwamba hapa shahada ya uhandisi huchukua miaka mitano na kozi zake nyingi zimekwisha pangwa. Hata hivyo, njia zipo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya uhandisi wa mazingira na mifumo ya viumbe, na Chuo Kikuu cha Egerton kina ya uhandisi wa maji na mazingira. Anayesomea uhandisi mwingine anaweza kuelekeza mradi wake wa mwaka wa mwisho kwenye mazingira, au kuchagua kozi za hiari anapopewa nafasi.

Sheria nayo inataka maarifa hayo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 inaagiza miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Mhandisi asiyejua hayo atajenga kisha aamriwe kubomoa.

Rafiki yangu mmoja darasani alinipinga akasema mtaka yote hukosa yote. Nilimjibu kwamba sitaki yote. Chumvi ni kidogo kwenye chakula, lakini ikikosekana kila mtu mezani anajua. Somo dogo ni hivyo hivyo.

Basi wewe uliye bado shuleni, usiitupe hisabati, usiikimbie fizikia, na usiseme kemia ni ya wenye vichwa vikubwa. Hayo matatu ndiyo mlango. Baiolojia na jiografia zitakusaidia ukishaingia.

Na nyumbani? Pipa limewekwa. Baba aliliandika mwenyewe kwa rangi nyeupe: OILI CHAFU. USIMWAGE. Mtego bado, tunangoja pesa za matofali. Mama amehamishia mboga upande wa juu wa gereji, na pale chini hajapanda kitu cha kuliwa. Kuhusu kozi, baba na mimi tumekubaliana: uhandisi wa mitambo uwe somo kuu, mazingira yawe somo dogo. Lakini juzi nilimsikia akimwambia mteja, "Huyu wangu atasomea magari na mahali oili yake inapokwenda." Nikajua tumeelewana.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini bomba la kutokea katika mtego wa mafuta lina mdomo chini badala ya juu?
2. Taja kazi moja ifanywayo mtaani kwenu, kisha ueleze uchafu wake huishia wapi.
3. Ungekuwa Bi. Richards na kisima cha kijiji chenu kikapatikana na chumvi kuliko visima jirani, ungechunguza nini kwanza?

Jibu la swali la pili usilitafute kitabuni. Toka nje ukaufuate mtaro.