Taa nyekundu kwa ajili ya ubongo: fahamu haya kabla hujatoa pesa

Huenda umeona video kwenye simu: mtu amevaa kofia yenye vitaa vyekundu, na msemaji anadai mwanga huo unarudisha kumbukumbu, unaponya kiharusi na kuondoa msongo wa mawazo. Kama unaishi Mwamapalala, wilayani Itilima, na nyumbani kuna mzee aliyeanza kusahau au ndugu aliyepooza upande mmoja, utajiuliza kama inafaa kuuza ng'ombe au kutumia fedha za pamba kununua kifaa hicho. Tuanze mwanzo.

Huo ni mwanga gani?

Ni wa aina mbili. Wa kwanza ni mwekundu, ambao macho yanauona. Wa pili ni infraredi ya karibu, ambayo macho hayaioni ingawa ipo kwenye mwanga wa jua kila siku. Ukitaka kuiona, chukua rimoti ya televisheni, elekeza kitaa chake cha mbele kwenye kamera ya simu, kisha bonyeza kitufe. Kwenye simu nyingi utaona nukta ikimweka kiooni, lakini ukitazama rimoti yenyewe huoni kitu.

Mwanga wa aina hizi mbili tayari unatumika hospitalini. Kile kibanio wanachokubana kidoleni kupima oksijeni ya damu huangaza mwanga mwekundu na infraredi, kisha husoma kiasi kilichopenya. Hicho ni kipimo tu, hakitibu.

Unadaiwa kufanyaje kazi?

Ndani ya chembehai za mwili kuna sehemu ndogo ziitwazo mitokondria. Kazi yake ni kugeuza chakula na oksijeni kuwa nguvu. Watafiti wanaeleza kwamba mwanga huu hunyonywa humo na kuongeza kasi ya kazi hiyo. Wazo la kutumia mwanga hivi lilianza mwaka 1967, daktari Endre Mester wa Budapest, Hungaria, alipoona nywele za panya walionyolewa zikiota haraka zaidi baada ya kumulikwa kwa leza hafifu.

Ubongo una kikwazo chake: umefunikwa na nywele, ngozi na mfupa wa fuvu. Sehemu kubwa ya mwanga huishia njiani, na kinachofika ndani ni kidogo sana. Ndiyo maana watafiti wa ubongo hupendelea infraredi, inayopenya zaidi ya mwanga mwekundu.

Je, imethibitika kwamba unatibu?

Bado. Jaribio kubwa lilihusu kiharusi, yaani ubongo kukosa damu ghafla. Liliitwa NEST na lilifanyika kwa awamu tatu. Ya kwanza, iliyotangazwa mwaka 2007, ilihusu wagonjwa 120 na ilitia moyo. Ya pili ilihusu wagonjwa 660 na haikuonyesha tofauti ya kuaminika. Ya tatu ilisimamishwa kabla ya kumalizika kwa kuwa hesabu za katikati hazikuonyesha faida.

Mwaka 2020, madaktari wa Massachusetts General Hospital, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 68 walioumia kichwa. Walionyesha kwamba mwanga huu unaweza kutumika bila madhara makubwa, lakini hawakuthibitisha kwamba mgonjwa anapona haraka zaidi. Kuhusu ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, tafiti zilizopo ni ndogo. Kwa hiyo ni jambo la kufuatiliwa, si dawa ya kununua leo.

Basi hakuna mwanga unaookoa ubongo?

Upo, na ni wa bluu. Ni taa wanazowekewa watoto wachanga wenye manjano. Manjano hutokana na taka ya damu iitwayo bilirubini, na ikizidi huingia kwenye ubongo wa mtoto na kumwachia ulemavu au uziwi wa maisha. Mwanga wa bluu huibadilisha ili mwili uitoe kwa urahisi. Mtoto hulazwa bila nguo, macho yakiwa yamefunikwa, na huendelea kunyonya.

Mkague mtoto mchana, palipo na mwanga. Bonyeza paji la uso kwa kidole, achia, na utazame rangi inayobaki. Kwa ngozi nyeusi, angalia pia weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Manjano yakitokea ndani ya saa 24 za kwanza, au viganja na nyayo vikiwa vya njano siku yoyote, ni dharura: mpeleke kituoni siku hiyohiyo. Usitegemee kumwanika juani asubuhi. Kwa sera ya afya ya Tanzania, watoto chini ya miaka mitano wamesamehewa gharama za matibabu katika vituo vya serikali.

Nianzie wapi kwa mzee wangu?

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Omba apimwe presha na sukari. Presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi mara kwa mara, inahitaji kufuatiliwa, maana ndiyo chanzo kikubwa cha kiharusi. Tatizo likizidi uwezo wa kituo, ataandikiwa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa mjini Bariadi, na ikibidi Bugando, Mwanza.

Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana haki ya kutibiwa bure katika vituo vya serikali, kwa hiyo muulize mtendaji wa kijiji kuhusu kitambulisho cha matibabu hayo. Muulize pia kiwango cha sasa cha bima ya afya. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilianza kwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Linganisha na kofia za mwanga: baadhi huuzwa nje ya nchi kwa zaidi ya dola 1,000, yaani zaidi ya shilingi milioni mbili.

Na jambo hili tulitamke wazi: bibi anayesahau majina au kutangatanga usiku ni mgonjwa, si mchawi. Apelekwe hospitali, na alindwe.

Muuzaji akija mnadani?

Muulize mambo matatu. Kifaa kimesajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba? Yeye mwenyewe ana usajili wa kutoa tiba? Mwanga wa kifaa ni wa nanometa ngapi? Nanometa ni kipimo cha mawimbi ya mwanga, na tafiti nyingi za ubongo hutumia kati ya 800 na 1,100. Akishindwa kujibu, au akisema kinatibu kila ugonjwa, muage.

Usijaribu kutumia taa nyekundu ya vifaranga kichwani. Ile imetengenezwa kutoa joto, nayo huunguza. Usikodolee macho taa yoyote ya leza au infraredi. Mwenye kifafa asikae mbele ya taa inayomweka, kwani inaweza kumletea degedege, na asiache vidonge vyake kwa ahadi ya mwanga.

La mwisho, uwafundishe wote nyumbani: mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakikwama, hizo ni dalili za kiharusi. Mkimbize mgonjwa hospitali saa hiyohiyo, na mkumbuke saa dalili zilipoanza, kwa sababu daktari ataiuliza kwanza.