Je, Mtoto Akidekezwa Huharibika?

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii tumeiandika kwenye insha mpaka tumeizoea. Lakini je, ni kweli kila mahali?

Kwanza tuelewe maneno. Mnamo mwaka wa 1966 Diana Baumrind, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza wazazi wa aina tatu: anayeamrisha tu, anayeweka sheria na kueleza sababu zake, na mlegevu ambaye hamwekei mtoto mipaka. Mwaka wa 1983 Maccoby na Martin waliwagawa walegevu mara mbili, yaani anayedekeza kwa mapenzi na asiyejali kabisa. Huku kwetu majirani huwaweka wote kapu moja, wakasema, "Huyo ameshindwa na mtoto."

Mwaka wa 1991 ulichapishwa utafiti juu ya vijana kama 4,100 wa Wisconsin na California huko Marekani. Waliodekezwa walijiamini sana, lakini walitumia pombe na dawa za kulevya zaidi, na masomo hawakuyatilia maanani. Wale wa wazazi wasiojali ndio walioumia kuliko wote. Hapo mtu ataruka aseme, si mnaona, methali imeshinda!

Ngoja kidogo. Mwaka wa 2009 García na Gracia walichapisha matokeo ya vijana wa Uhispania, yakawa mengine kabisa. Waliodekezwa kwa mapenzi walikuwa sawa na waliowekewa sheria, na katika mambo mengine waliwapita. Inaelezwa kwamba katika familia za huko watu huchukuliana kama walio sawa, basi kijana husikia mazungumzo kuliko amri. Wachina nao, kama alivyoandika Ruth Chao mwaka wa 1994, huona ukali wa mzazi kuwa ni kutunza, si chuki. Kumbe kijana huyapima malezi kwa kipimo cha kwao.

Na hapa Kenya? Mimi naona tunachanganya mambo. Kuna mzazi anayetoka kazini saa tatu usiku, anakuachia pesa mezani, haulizi ulikuwa wapi wala na nani. Pengine ni uchovu tu, maisha ni magumu. Lakini kijana wake akianza kuvuta bangi, mtaa mzima utasema alidekezwa. Alidekezwa na nani, jamani, na hakuna aliyekuwa akimwangalia?