Tiki na Hedhi: Niliyojifunza Nikiishi na Tourette Mlangali

1. Utu uzima haukuiondoa.

Nilianza kwa kupepesa macho kabla sijaenda shule. Baadaye shingo ikawa inajirusha upande, kisha ukaja mguno unaonitoka koo likiwa halina tatizo lolote. Hizo ndizo tiki, dalili za Tourette. Kwa wengi huanza kati ya miaka 4 na 6, hukolea wanapofikia miaka 10 hadi 12, halafu hupungua ujanani. Mimi nimo katika waliobaki nazo. Hapa kijijini Mlangali zimeitwa mapepo, zimeitwa kifafa. Si kifafa: zinapokuja nina fahamu zangu zote, na yanayosemwa nyuma yangu nayasikia. Wala si lazima mtu atukane ovyo, kama wengi wanavyodhani; matusi yasiyozuilika huwapata wachache tu kati yetu. Georges Gilles de la Tourette, daktari Mfaransa, aliieleza hali hii mwaka 1885, na jina limebaki lake.

2. Kalenda ya ukutani iliniambia nisichoambiwa kliniki.

Kwa miaka mingi niliamini tiki huja zinavyotaka. Kisha nikaanza kutia alama kwenye kalenda ya parokia: msalaba kwa siku shingo ilipokuwa mbaya, duara kwa siku za hedhi. Miezi ilivyopita misalaba ikawa inajikusanya kabla ya maduara. Mjamzito akienda kliniki, swali la mwanzo ni tarehe ya hedhi ya mwisho. Mimi nilikohudumiwa kwa sababu ya shingo yangu hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Si mimi peke yangu. Mwaka 1992 watafiti wawili wa Marekani, Schwabe na Konkol, waliwahoji wanawake wenye Tourette, na takriban robo yao walisema tiki huongezeka kabla ya hedhi. Mwaka 2001 utafiti mwingine uliwapima homoni wanawake wachache, nao haukuona tiki zikifuata vipimo vya damu. Kwa hiyo siwezi kumwambia kila mwanamke kuwa lake ni homoni. Tourette huwapata wavulana zaidi ya wasichana, mara 3 au 4, na nadhani ndiyo maana maswali yetu yamechelewa. Ninachoweza kusema ni kwamba kazi zangu nazipanga kwa kalenda hiyo: safari ya kuuza viazi Makambako, saa nyingi ndani ya basi lililojaa macho ya watu, siiweki wiki ya kabla ya hedhi.

3. Dawa ya tiki nayo hugusa homoni.

Hili nataka lisikike zaidi ya yote. Niliandikiwa haloperidoli, dawa ya zamani ambayo hutuliza tiki kwa kuzuia kazi ya dopamini ubongoni. Shingo ilitulia kweli. Lakini dopamini hiyohiyo ndiyo inayoishikilia prolaktini, homoni ya maziwa, isipande. Ukiizuia, prolaktini hupanda. Hedhi yangu ikakatika. Matiti yakauma, kisha yakatoa maziwa, nami sina mtoto mchanga wala mimba. Kijijini jambo kama hilo halikai siri. Wifi yangu alikuwa akinitazama tumbo kabla ya kunitazama usoni. Nilipima mimba, haikuwepo. Ndipo nikasafiri hadi Njombe, na daktari aliponieleza nililia kwa nafuu. Alipunguza dozi taratibu, hedhi ikarudi.

Dada, ikikutokea hivyo usiitupe dawa kwa hasira. Kuiacha ghafla kunaweza kuzirudisha tiki kwa nguvu. Nenda ukaseme, hata kama anayekuhudumia ni kijana wa rika la mwanao. Maziwa na hedhi ni habari za kitabibu, si aibu.

4. Usingizi una nguvu kuliko nilivyodhani.

Sasa hedhi zangu zimeanza kurukaruka, ukomo unakaribia. Julai, wakati Mlangali nzima imejifunika mablanketi, mimi naamka nimelowa jasho. Asubuhi ya usiku kama huo mguno hauniachi. Je, ni homoni zenyewe, au ni uchovu? Daktari alinijibu kwamba kukosa usingizi pekee kunatosha kuchochea tiki, basi tukaanza na hilo: chumba chenye hewa, kahawa isiyovuka adhuhuri, na kazi nzito ya shamba niimalize mapema.

5. Binti asisubiri kama nilivyosubiri.

Baadhi ya wanawake husimulia kuwa tiki zao zilipanda walipovunja ungo. Mama mwenye binti anayepepesa macho au kuguna darasani, mwambie mwalimu wake mapema kwamba hafanyi makusudi, na kwamba kumwamuru aache humwongezea. Mkienda hospitali, bebeni tarehe za aina zote mbili, za tiki na za hedhi, pamoja na jina la kila dawa au sindano ya uzazi wa mpango anayotumia. Asipoulizwa, azitaje mwenyewe.