Jani la Ukindu la Kubania Vazi la Ngoma

Vikundi vingi vya ngoma na maigizo hujipamba kwa majani mabichi. Asubuhi majani hayo hupendeza. Jua la Kyela likipanda, hunyauka na kujikunja. Somo hili linafundisha kutengeneza jani lisilonyauka. Ni jani la ukindu.

Tuseme kikundi chenu kinaigiza hadithi ya msitu. Mmoja wenu ni mlinzi wa msitu. Amejitanda kitenge cha kijani. Pembe mbili za kitenge zinakutana begani, na hapo ndipo jani linapobana. Jani likifunguka, kitenge kitaanguka mbele ya watu. Watazamaji watacheka mahali pasipo pa kucheka.

Mkindu huota kando ya mito na penye majimaji. Kata majani machanga ya katikati, ambayo bado hayajafunguka. Usiguse kiini cha shina. Kiini kikikatwa, shina hilo hufa, na mwaka ujao utatembea mbali zaidi kutafuta ukindu. Chana majani, uyaanike mpaka yawe meupe. Wakati wa masika yaingize ndani kila jioni. Ukiyafunga yakiwa na unyevu yataota ukungu.

Kwa rangi, nunua rangi ya unga ya kijani ya kutilia ukindu. Ichemshe katika sufuria kuukuu isiyopikiwa chakula. Tumbukiza ukindu, geuzageuza, kisha utoe na kuusuuza mpaka maji yawe safi. Usiposuuza vizuri, jasho la mchezaji litachuruza rangi kwenye nguo. Bakiza ukindu kidogo usiotiwa rangi.

Lowesha ukindu kidogo ili usikatike. Suka ukili wa kijani wenye upana wa kidole kimoja na urefu wa sentimita 30. Ninyi mnaosuka mikeka hamhitaji kufundishwa hapa. Shona ncha zote mbili kwa sindano kabla ya kupunguza masalio, ama sivyo ukili utafumuka. Ukunje katikati, ubane kwa vidole ili upate ncha kali ya jani. Kutanisha miisho miwili chini, uishone pamoja. Hicho ni kikonyo. Sasa suka ukili mweupe mfupi, uupitishe katikati kama mshipa wa jani, ushone pande zote. Uzi wa kushonea nyavu unafaa kuliko uzi wa cherehani.

Sasa geuza jani. Wengi huharakisha upande huu kwa sababu hauonekani, lakini ndio unaobeba kitenge. Usishone pini moja kwa moja kwenye ukindu. Uzi utakata ukindu, na pini itachomoka. Kata kipande cha suruali kuukuu nzito, kidogo kuliko jani. Chukua pini kubwa, ile inayofungika ili ncha isichome. Shona mkono wake usiofunguka juu ya kitambaa, tena na tena, kisha shona kitambaa kwenye jani kuzunguka kingo zote.

Pini ikae juu ya katikati ya jani. Ikikaa chini, jani litainama mbele kama mtu anayesinzia.

Lijaribu kabla ya siku ya ngoma. Libane kwenye kitenge kilichokunjwa mara mbili, kisha ruka na kuzunguka kama mchezaji. Kwa mtoto mdogo weka kamba mbili za kufunga badala ya pini.

Wengine watataka kuuza. Katika soko la Lyulilo, Matema, panapouzwa vyungu vya Wakisi, mnunuzi mzoefu hugonga chungu asikie mlio. Mnunuzi wa jani naye ataligeuza atazame nyuma.

MASWALI

1. Kwa nini pini haishonwi kwenye ukindu wenyewe?

2. Tuseme pini ni shilingi 200, na uzi na rangi ni shilingi 300. Ukindu umekata mwenyewe. Umefanya kazi nusu siku. Umeuza jani kwa shilingi 1,000. Nusu siku yako umeiuza kwa shilingi ngapi? Je, ungekubali kupalilia shamba la mpunga la jirani nusu siku kwa malipo hayo? Jadilianeni darasani, kisha kila mmoja aandike bei yake.