Mbona Gari Limelala Upande?

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuliona gari kuukuu likipita, nyuma limelala upande mmoja kama mtu aliyebeba debe la maji kwa mkono mmoja. Watu husema, "Ah, hiyo ni shokapu imekufa!" Basi mwenye gari hununua shokapu mpya, pesa za karo zinakwenda, na gari linabaki vilevile. Leo tujifunze kuutafuta ugonjwa kabla ya kununua dawa.

Kwanza, tujue kazi ya kila chombo. Uzito wa gari hubebwa na springi. Shokapu ya mafuta haibebi uzito. Kazi yake ni kutuliza mrukoruko. Ikichoka, gari litadundadunda, lakini halitalala upande.

Tuchukue mfano wa Peugeot 504 ile ndefu, stesheni wagoni, iliyojulikana sana hapa Kenya kwa kubeba abiria na mizigo. Nyuma ina ekseli nzima na springi nne za koili, mbili kila upande. Fuata hatua hizi:

1. Egesha gari mahali tambarare, toa mizigo, na uhakikishe tairi ni za saizi moja na zina upepo sawa. Litikise mara mbili tatu, kisha liache litulie.

2. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, magurudumu yote manne. Ukipima hivyo, tairi haiwezi kukudanganya. Tuseme nyuma kulia ni sentimita 36 na kushoto 39. Ikiwa bodi iliwahi kugongwa na kunyoshwa, usiuamini ukingo. Pima kutoka ekseli hadi chuma cha chini ya bodi, pande zote mbili.

3. Usikimbilie kulaumu nyuma! Springi dhaifu ya mbele kulia huweza kulivuta gari zima upande wa kulia. Zuia tairi za nyuma kwa mawe, kisha inua mbele kwa jeki iliyowekwa katikati kabisa, hadi tairi ziachane kidogo tu na ardhi. Mtu yeyote asiingie chini! Sasa springi za mbele hazina usemi. Pima nyuma tena. Pande zikiwa sawa, mgonjwa yuko mbele. Tofauti ikibaki, mgonjwa yuko nyuma.

4. Akiwa nyuma, mulika kwa tochi. Je, springi imevunjika ncha? Imekaa vibaya? Ya kulia na ya kushoto zina unene mmoja na mizunguko sawa? Zikiwa nzima na za aina moja, basi upande mmoja umechoka kwa mizigo.

Tiba ni kubadilisha springi za pande zote mbili pamoja. Kupachika kipande cha mpira ni kuficha donda kwa nguo. Kazi ya kuzitoa mwachie fundi mwenye kifaa chake, kwani springi iliyobanwa ikifyatuka huweza kuua.

Wenzangu, msingoje. Springi iliyovunjika huweza kutoboa tairi gari likiwa mbioni, na ndani wamo wazazi wetu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Zoezi: Nyuma ya gari ilikuwa sentimita 35 kulia na 38 kushoto. Mbele ilipoinuliwa, pande zote za nyuma zikawa 37. Mgonjwa yuko wapi? Mpelekee mwalimu wa fizikia jibu lako, na umweleze sababu kwa Kiswahili sanifu!