Ufunguo Usio na Jina

Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hii niliielewa sawasawa siku kamusi mbili zilipopotea kabatini mwa chama chetu. Funguo zilikuwa nne, zote sawa kama shilingi kwa ya pili, na tuliozibeba tulikuwa wanne. Mwalimu mlezi alituuliza mmoja mmoja. Kimya! Mwishowe sote tukalipa. Mkasa huu nitaurudia, kwanza tusome.

Kompyuta nazo zina kufuli zake. Kusimba ni kugeuza maandishi yawe fumbo lisilosomeka ila kwa ufunguo wake, na ufunguo wenyewe ni tarakimu tupu, si chuma. Kwa kawaida fumbo hufungiwa mtu mmoja. Je, faili ya mgonjwa ikihitajiwa na madaktari ishirini, tuifunge mara ishirini? Mwaka 2005 Amit Sahai na Brent Waters walitoa wazo la kufunga kwa sifa badala ya jina. Mwaka 2007, wakiwa na John Bethencourt, walieleza namna ambayo anayefunga huandika sharti ndani ya fumbo, tuseme: "daktari, tena wa wadi ya watoto." Ufunguo wa kila mtu hubeba sifa zake. Zikitimiza sharti, fumbo lafunguka, zisipotimiza, ng'o!

Uzuri wake ni upi? Mosi, hata mwenye kompyuta inayohifadhi faili hawezi kuisoma. Pili, msomaji hana haja ya kumtajia bawabu jina lake. Tatu, watu wawili hawawezi kuunganisha funguo, huyu alete udaktari na yule alete wadi, kwa sababu kila ufunguo umechanganywa na nambari yake ya bahati nasibu. Siri imetunzwa.

Lakini ngoja kwanza. Daktari mmoja akiuza nakala ya ufunguo wake je? Katika mtindo huo wa 2007, mwenye ufunguo anaweza kuuchanganya upya kwa nambari nyingine. Utaendelea kufungua, ila haufanani tena na ule wa kwanza. Ukinaswa, utasema tu "daktari, wadi ya watoto." Daktari yupi? Si ndiyo yale yale ya kabati letu!

Dawa ilikuwa imeanza kutafutwa zamani. Mwaka 1994 Benny Chor, Amos Fiat na Moni Naor walionyesha kwamba katika matangazo ya kulipia, kila mteja anaweza kupewa funguo zake tofauti, ili kisanduku cha wizi kikinaswa, kimfichue angalau msaliti mmoja. Wataalamu wa baadaye wakatia alama ya namna hiyo ndani ya funguo za sifa. Mtu akisoma faili yake kihalali, alama haimtaji. Husakwa tu ufunguo ukikutwa mikononi mwa asiyestahili.

Sasa swali la mtihani: mtoa funguo akitengeneza ufunguo wenye alama yangu ili anisingizie, nitajiteteaje? Kwa mifumo inayofunga kwa jina la mtu, Vipul Goyal alijibu mwaka 2007: mtumiaji apate ufunguo wake bila mtoaji kujua ni upi kati ya nyingi zinazowezekana. Mtoaji akighushi mwingine, funguo mbili tofauti zenye jina moja zitamshtaki yeye. Kwa hivyo anayepewa ufunguo awajibike, na anayeutoa pia awajibike.

Nami nikiri jambo. Sikuiba kamusi, lakini jioni moja nilimwazima rafiki ufunguo wangu, na nilipoulizwa nikanyamaza. Funguo hazikuwa na alama, basi hadi leo sijui kama wenzangu watatu walilipa deni langu.

Mwaka huu kila ufunguo umepigwa nambari, na daftari la majina anakaa nalo mwalimu peke yake. Wangu ni nambari tatu. Rafiki yangu akiuomba, namwambia twende wote.