Spika Zisiposema



Somo la safari hii si la mbolea wala si la kuanika. Ni la spika za kompyuta, zile mbili ndogo zilizoko juu ya meza ya ofisi yetu, ambazo mara kwa mara hukataa kusema. Najua wako watakaouliza spika na karafuu zina udugu gani. Udugu wake ni fedha zenu, kama mtakavyoona mbele.

Mtakumbuka kwamba nilitumwa Bashay, katika milima ya Mbulu, mkoa wa Manyara, kuwatembelea wakulima wa vitunguu saumu. Kutoka bandari ya Mkoani hadi huko ni meli, kisha mabasi, kisha baridi ambayo mtu wa Pemba haijui. Wenyeji wetu nao wana shida kama yetu: zao likivunwa lina maji, na lisipokaushwa vyema huoza ghalani kabla mnunuzi hajafika. Basi tulipatana niwaonyeshe filamu fupi tuliyoipiga hapa kwetu, ya wazee wetu wakieleza namna ya kuanika karafuu majamvini, na namna ya kuijua iliyokauka kwa kuivunja kwa vidole.

Watu wapata arubaini waliketi. Nikaunga kompyuta na projekta, nikaunga na spika, picha ikatokea ukutani, safi kabisa. Mzee wetu akafungua kinywa. Kimya. Mzee mmoja wa pale akaniuliza, "Bwana Katibu, mwenzako huyu anasema au anatafuna?" Watu wakacheka, nami nikacheka, ingawa sikuwa na raha. Nikachomoa nyaya nikazichomeka tena. Nikazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho. Nikazipiga spika makofi, jambo ambalo halijapata kumponya mgonjwa yeyote. Mwishowe nikatangaza kwamba zimekufa kwa mitikisiko ya njiani, na nikauliza duka la karibu liko wapi.

Ndipo akasimama kijana wa sekondari. "Shikamoo. Naomba nijaribu." Akaichomoa pini ya spika kwenye kompyuta yangu, akaichomeka kwenye simu yake, na mara muziki ukajaa chumba kizima. "Spika ni nzima," akasema. Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo somo lenyewe: "Sauti umeituma wapi?"

Sikuwa nimeituma popote, na hilo ndilo kosa. Waya ule mpana wa projekta, uitwao HDMI, hauchukui picha peke yake; huchukua na sauti. Mara nyingi kompyuta ikiuona waya huo hudhani kwamba sauti nayo yatakiwa huko, ikaihamishia kwenye projekta bila ya kukuuliza. Projekta nyingine hazina spika kabisa, na nyingine zina kijispika cha kunong'ona tu. Kwa hiyo sauti ya mzee wetu ilikuwa ikienda kwenye sanduku lisilo na mdomo. Yule kijana alibonyeza alama ndogo ya spika iliyo pembeni mwa saa, chini upande wa kulia wa kioo, akafungua orodha ya mahali pa kupelekea sauti, akachagua spika badala ya projekta. Kazi ya nusu dakika. Mzee wetu akaanza kusema, na wenyeji wakamsikiliza mpaka mwisho.

Basi wenzangu, spika zikinyamaza, kwanza jueni ugonjwa uko upande gani. Pande ni mbili tu: spika au kompyuta. Zitieni spika kwenye simu au redio yenye tundu la hedifoni. Zikilia, ziacheni, si zao. Tatizo liko katika kompyuta. Zisipolia, kompyuta haina hatia. Waweza pia kupima kwa kinyume: tia hedifoni nzima katika kompyuta usikilize. Na ikiwa huna simu yenye tundu (simu nyingi za siku hizi zimezibwa), washa spika, pandisha sauti kidogo, kisha gusa ncha ya pini kwa kidole. Mara nyingi spika hai huvuma. Isipovuma usiizike bado, kwani si zote zenye tabia hiyo.

Ugonjwa ukiwa upande wa spika, anza na umeme. Swichi ya ukutani imewashwa? Taa ya spika inawaka? Kile kitufe cha kuzungusha mara nyingi ndicho swichi pia, na mtu aliyefuta vumbi huweza kukizima asijue. Spika nyingi zinazopata umeme kwa waya wa USB zina nyaya mbili, na zote mbili lazima zichomekwe. Mmoja ni wa chakula, wa pili ni wa maneno. Kisha tazama pini. Katika kompyuta kubwa za mezani matundu hupakwa rangi: la kijani ndilo la spika, la waridi ni la maikrofoni, la buluu ni la kuingizia sauti kutoka chombo kingine. Pini huingia katika yote matatu sawasawa, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Isukume mpaka uisikie imeingia.

Kwetu visiwani kuna adui mwingine, nao ni hewa ya chumvi. Pini iliyokaa muda mrefu hupata kutu, na sauti huja kwa kukatika au kwa upande mmoja tu. Ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti kidogo, uiache ikauke. Lakini kisanduku cha spika chenye waya wa umeme wa ukutani msikifungue. Mpelekeeni fundi.

Ugonjwa ukiwa upande wa kompyuta, tazama ile alama ya spika pembeni mwa saa. Ikiwa ina msalaba, sauti imenyamazishwa, ibonyeze uiachie. Kompyuta za kubeba zina kitufe cha kunyamazisha katika safu ya juu, na kidole hukigusa kwa bahati mbaya. Tazama pia kidhibiti cha sauti ndani ya programu yenyewe unayotumia, maana kila moja ina chake. Kisha uliza lile swali la Bashay. Si HDMI peke yake: hata spika ya blututhi iliyoko chumba cha pili huweza kuichukua sauti ukabaki wewe unahangaika. Hayo yote yakishindikana, zima kompyuta uiwashe upya. Ikiwa bado, huenda draiva ya sauti imeharibika, na hapo itabidi iwekwe tena na mtu anayeijua.

Sasa nirudi kwenye fedha. Spika za ofisi mnazoziona leo ni za pili. Za kwanza niliziandikia mimi mwenyewe kwamba zimekufa, na chama kikalipa shilingi 35,000 kwa hizi mpya. Niliporudi kutoka Bashay nilizitoa stoo, nikazitia kwenye redio. Zikalia zote mbili. Nimeieleza Kamati, na nimeomba kiasi hicho kikatwe katika posho yangu ya safari. Kamati italijadili katika mkutano ujao, nanyi mtapewa jawabu lake katika ukurasa huu.

Spika zile za zamani sasa ziko tayari kwa mwanachama yeyote mwenye haja ya kuziazima kwa mkutano wa shehia yake. Na aliye na zake zilizonyamaza nyumbani, azilete ofisini siku ya Jumanne baada ya sala ya alasiri, pamoja na nyaya zake zote, tuzipime kabla hajazitupa.